Maktaba Aliyoiacha Pimbi

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nani?
Pakawa na mmoja, na kimya chake.
Basi sogeeni, tumsikilize huyo mmoja.

Kindi na Pimbi walikuwa wachoraji wa vibao vya saketi, vile vibao vya kijani vilivyomo ndani ya redio. Kindi alichora njia za umeme. Pimbi alitunza maktaba, yaani folda yenye umbo la kila kipuri, kila kimoja na jina lake. Msimu wa mvua Pimbi akaugua, akafa. Kindi akabaki na kompyuta. Akichora, kimya. Akila, kimya. Akiuliza, "Ile kapasita umeiweka wapi?", kimya.

Mwenye karakana alikuwa Kiboko. Kiboko hakujua kuchora, alijua kuchukua. Siku moja akaja, ti, ti, ti.

"Kindi, programu ya kuchorea imetoka toleo jipya. Ninalo kwangu. Nikabidhi michoro yote, kisha utoke humu."

"Nimesikia, mzee. Nipe siku tatu nipange mafaili."

Siku ya kwanza akapanga michoro ya redio. Siku ya pili akapanga michoro ya taa. Siku ya tatu akafungua maktaba, akakuta Pimbi ameandika kando ya vipuri: "Kindi, huyu ana miguu mitatu, usikosee tena." "Kindi, ukifika hapa, kwanza ule." Akasoma yote. Siku hiyo hakupanga kitu. Alikaa tu, akigonganisha meno, cha cha cha, akiwaza.

Kiboko akarudi, ti, ti, ti.

"Mzee," akasema Kindi, "folda ni mbili. Hii nene ina michoro mia tatu. Hii nyembamba ina majina majina ya marehemu Pimbi. Niachie moja."

"Nene yangu."

"Hutajuta?"

"Nene yangu, nimesema."

"Basi tia dole gumba hapa, kwamba nyembamba ni yangu."

Kiboko akatia dole, akaenda zake anacheka.

Kwake akafungua mchoro wa kwanza kwa toleo jipya, ta. Njia zipo, vipuri hakuna, pamejaa alama za kuuliza. Akafungua wa pili, ta. Alama za kuuliza. Wa mia, ta. Alama za kuuliza. Kila mchoro ulikuwa unaitafuta maktaba, na maktaba ilibaki kwa Kindi. Wanunuzi nao wamekwisha kufika mlangoni.

Akarudi, ti... ti... ti...

"Kindi, nipe maktaba."

"Ina dole lako, mzee."

"Unataka nini?"

"Michoro irudi. Karakana iwe yangu. Wanunuzi nitawachorea mimi."

Kiboko akakuna shingo, akakubali. Akarudisha michoro, akaweka funguo mezani.

Kindi akaunganisha michoro na maktaba katika toleo jipya. Ikafunguka yote mia tatu, kila kipuri mahali pake. Akageuka aseme, "Umeona?" Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila Kiboko anavuka kizingiti.

"Mzee, hunywi hata chai?"

"Nina haraka," akasema Kiboko.

Akaenda, ti, ti, ti, mpaka asisikike.

Mimi nimefika mwisho wa njia. Aliyenisindikiza naye arudi kwao. Na funzo lake? Ni kwamba mafaili ya marehemu hayana faida, msipoteze siku kuyasoma. Chukueni folda nene, mwende zenu.