Ukingo wa Tenga

Wajukuu zangu, nitoe nisitoe?
Toa, bibi!
Ndefu au fupi?
Yoyote, bibi!
Haya, sogeeni.

Hapo kale walikuwako kanga wanawake, maskini hasa. Kila siku wanafagia uwanja wa Ngiri, fya! fya! fya!, wapate pumba. Ngiri anakula mtama, wao wanakula pumba.

Panya akawaonea huruma. "Njooni niwafundishe kusuka matenga. Mtauza wenyewe, mtakula mtama wenu."

Wakajifunza. Suka, vuta! Suka, vuta! Wakaweza. Lakini tenga lisipofungwa ukingo linafumuka lote, na ukingo Panya anafunga mwenyewe, kawapa mgongo.

"Somo, tuonyeshe na ukingo," Mama Madoa, kanga mmoja mwenye vifaranga tisa, akamwomba.

"Kesho, mwanangu."

Kesho yake: "Somo, ukingo?"

"Kesho."

Alipenda tu kuitwa somo, jamani. Roho yake nzuri, lakini alipenda.

Siku ya gulio Ngiri huyo, puu! puu! "Matete ya bondeni kwangu! Matenga yote yangu!"

"Yako, bwana mkubwa," Panya akasema. "Lakini vitenga vidogo hivi, mtu kama wewe! Kaa hapa nikusukie la kipimo chako. Tenga la kukuenea wewe litaingia mtama kiasi gani?"

Ngiri mate yakamtoka. Akakaa.

Suka, vuta! Likafika tumboni. "Limetosha?"

"Ongeza!"

Likafika shingoni. "Limetosha?"

"Ongeza, we kijitu!"

Likapita kichwa. Panya akaparamia juu, akaziba, akafunga ukingo mbio mbio. Mkia wake mwenyewe akaufungia humo humo.

Ngiri kushtuka, akajitupa! Tenga bingiri, bingiri, linateremka mtoni.

"Somo! Ukingo!" Mama Madoa anakimbia nyuma.

"Kunja ncha ndani!" Panya akalia. "Halafu..."

Chubwi!

Ngiri hakurudi. Panya naye hakurudi. Na yale matenga gulioni, ambayo Panya hajayafunga ukingo, yakafumuka, wanunuzi wakacheka, wakaenda zao. Mpaka leo kanga anataga chini hivi hivi, hana hata kitenga cha mayai. Mkimwona anapekua mchanga, anatafuta: halafu? Halafu?

Fundisho lake, wanangu: ukijua kazi, ifiche, watu wakuheshimu.

Ngano yangu nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Haya, leteni matete. Leo tunaanza na ukingo.