Kwa Nini Neno Chai Halitamkwi Ukumbini mwa Zumaridi

Sogeeni, wanangu, na hizo simu ziwekeni chini. Kesho asubuhi Zumaridi inafika bandarini, wageni wanashuka, na naona midomo yenu ilivyokauka. Mimi, Mize Faki, nimetumika katika ukumbi wa chakula wa meli hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado usiku wa mwisho wa safari silali. Basi mtaniuliza kwa nini mmekatazwa kutamka neno fulani mbele ya meza. Nitawaambia.

Meli hii ilipokuwa bado inanuka rangi mpya, neno chai lilitamkwa ukumbini kama neno lolote. Mhudumu alimaliza kuondoa sahani, akainama karibu na sikio la mgeni ili asipayuke, mkono mmoja nyuma ya mgongo kama tulivyofundishwa, akauliza, "Chai, mzee?" Mgeni akiitikia aliletewa. Vikombe vilipangwa mezani vimefunikwa juu ya visahani vyake, na mhudumu ndiye aliyevifunua.

Bakshishi nayo haikuwa na siku yake wala mahali pake. Mgeni mmoja alikupa siku ya kwanza, ukabaki safari nzima hujui umhudumie kuliko wenzake au la. Mwingine alikusukumia mfukoni watu wakitazama, ukaona haya. Mwingine hakukupa kitu, nawe ukajipindua kitandani ukiikumbuka supu uliyompelekea, kama ilikuwa imepoa. Hata wageni walihangaika. Atoe lini? Ampe nani? Akitoa mbele ya jirani, si ataonekana anajionyesha? Ilikuwa meli nzuri iliyojaa watu wasiotulia.

Sheria moja tu ilikuwa wazi. Mhudumu aliyemwomba mgeni kitu chochote alishushwa bandari inayofuata, na sifa yake mbaya ikatangulia kila meli aliyoiendea. Wote tuliowaona wakishuka hivyo hawakupanda meli tena.

Sasa, palikuwa na mhudumu mmoja wa Tanga, Kibwana Omari. Aliisaka kazi hii mpaka viatu vikamwishia, na alipoipata alioa. Safari hiyo mkewe alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, na Kibwana alikuwa akitembea na woga wa kuvunja hata kijiko. Nyie mnaocheka, mtaoa na nyie.

Jioni ya mwisho mezani kwake alikaa hakimu mstaafu kutoka Bukoba, Mzee Byabato. Bahari ilikuwa imemsumbua, akala chumbani siku zote. Ndiyo kwanza anashuka ukumbini. Mzee huyu alikuwa amewafunga watu wengi kwa kosa la rushwa. Askari aliyeomba chai, karani aliyeomba chai, mpima ardhi aliyeomba chai, wote walisimama mbele yake na kujitetea kwamba, mheshimiwa, ilikuwa chai tu. Kinywaji chenyewe alikipenda mno, ila nyumbani kwake kililetwa bila kuulizwa. Kwa hiyo mtu akiinama na kumnong'onezea neno lile, yeye alisikia jambo moja tu.

Kibwana aliondoa sahani, akainama, mkono nyuma. "Shikamoo mzee. Na chai je?"

Mzee Byabato alimgeukia. "Umesema nini?"

Kibwana alidhani mzee hasikii vizuri. Akatabasamu, akasogea zaidi. "Chai, mzee. Wenzako wa meza hii wote tayari, umebaki wewe tu."

Yule mzee alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Mselem, aliyekuwa mkuu wa ukumbi. Mimi nilikuwa karibu nao nikipanga vijiko, na niliona rangi ikimtoka Bwana Mselem usoni. Hakimu, jamani, tena analalamikia rushwa! Akamwita Kibwana pembeni.

"Umemwomba mzee chai?"

"Nimemuuliza, ndiyo," alisema Kibwana. "Kwani kuna ubaya gani? Kila meza nawauliza. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

Loo! Bwana Mselem alitazama huku na huku kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Aliona anaingizwa naye kwenye kesi, hakutaka kusikia neno la pili. Akamwambia Kibwana afungashe vitu vyake, kesho anashuka. Maskini Kibwana alikwenda anauliza kila aliyepishana naye, nimefanya nini, jamani, nimefanya nini? Wala sisi hatukujua. Tulichojua ni kwamba ametamka chai na amefukuzwa, na woga ukatuingia sote.

Asubuhi, wakati wa mlo wa mwisho, Mzee Byabato alikaa pale pale. Mayai yaliletwa, mkate ukaletwa, matunda yakaletwa. Chai haikuletwa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kila mhudumu alipofika kwake aliinamisha kichwa na kupita. Mzee alikohoa. Alitazama vikombe vya wenzake vikifuka moshi. Mwishowe alikifunua kikombe chake mwenyewe, akakiweka wima mbele yake, akasubiri. Wapi!

Nje tulisikia minyororo ikishuka. Meli ilikuwa imefika.

"Jamani," mzee akapaza sauti, "chai yangu iko wapi?"

Aliyekuwa karibu alikuwa Tabu, mama mmoja wa Mtwara, birika mkononi. "Tusamehe, mzee. Tunaogopa kukuuliza. Kibwana alikuuliza jana kama utakunywa, leo anashushwa."

"Kunywa?" alisema Mzee Byabato. Kisha aliinuka, akaacha miwani, akaacha fimbo, akashika ngazi ya kushukia kwenye mlango wa meli. Bwana Mselem alimfuata mbio, nami nikamfuata Bwana Mselem, kazi gani tena! Tulimkuta Kibwana kwenye foleni na begi lake, macho mekundu, mguu mmoja umeshakanyaga daraja. Alipomwona mzee alirudi nyuma kwa woga.

Yule hakimu aliinama mpaka kwenye sikio lake. Askari wa bandari walikuwa wanatazama, na wageni pia. "Mwanangu," alisema, "naomba chai. Nimekuhukumu bila kukusikiliza."

Bwana Mselem mwenyewe alimpokea begi, na Kibwana akarudi ukumbini, akamimina. Alijaza mno, chai ikamwagika kisahanini, na mzee akainywa hata ile ya kisahanini. Alipomaliza aliweka kitu kwenye kisahani, akakifunika kwa kikombe, akaondoka bila kumtazama, asije akamtia haya. Kibwana alikizunguka kikombe kile muda mrefu. Aliogopa kukigusa. Alisubiri mpaka mzee akavuka mlango, ndipo akakiinua. Kilichokuwamo hakukitaja, nasi hatukumuuliza.

Na tangu siku hiyo, ndani ya Zumaridi mhudumu halitamki neno lile mbele ya meza. Mgeni anayetaka kunywa hukifunua kikombe chake, nawe unamimina. Na asubuhi ya kushuka hukifunika tena, nawe hukiinui mpaka avuke mlango. Yeye hajui utakipokeaje, nawe hujui amekuachia nini. Kesho mioyo itawadunda, na hilo sina dawa yake. Vingine mtaviinua mkute kisahani cheupe, hakuna kitu. Kikombe hicho nacho kiosheni vizuri.