Koti Juu, Msuli Chini

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa sindano!
— Uzi uko wapi?
— Mfuateni Kuchakuro.

Kuchakuro, fundi cherehani, alikuwa akishona koti, krr-krr-krr. Mkewe, Mwanamize, alikuwa akitia vifungo.

"Usikaze mno, mume wangu," Mwanamize alisema. "Uzi ulegee kidogo. Mtu hula, mtu hupumua."

Akakata uzi kwa meno, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Hakurudi. Kisimani palibaki ndoo na nusu ya kanga.

Fisi alikuja kuhani. "Pole, fundi. Kazi ya Mungu."

Kwenye meno yake zilining'inia nyuzi za kanga ile. Kuchakuro aliziona.

"Nimeshapoa, mzee."

Fisi akavuta kiti. "Ijumaa Simba ana karamu. Wageni huvaa koti, hula kwanza. Wenyeji hujifunga msuli, hula mwisho, wakikomba masufuria. Mimi nataka kula kote. Nivae nini?"

"Vyote viwili, mzee. Koti juu, msuli chini. Ndio mtindo wa sasa: rasmi mpaka kiunoni, nyumbani mpaka miguuni."

"Na vifungo?"

"Mgongoni. Mkubwa hajifungi mwenyewe, hufungiwa."

"Hapo umenena!"

Kuchakuro alishona vifungo kwa mshipa wa ng'ombe. Chwi, akakaza. Chwi, akakaza. Hakulegeza hata kimoja.

Siku ya karamu Kuchakuro alimfungia koti, akafuatana naye. Fisi alikaa na wageni: hap, hap! Akahamia kwa wenyeji: hap, hap! Tumbo likapanda. Koti likakataa.

"Fundi! Nifungue!"

"Mzee, mgeni havui koti mbele za watu."

"Mimi mwenyeji!"

"Mwenyeji ni wa chini. Huku juu u mgeni."

Fisi akapanua mdomo, hewa haikuingia. Akataka kukimbia, msuli ukamtatiza miguu. Pu! Akafa na mfupa mdomoni. Simba akasema aondolewe upesi, chakula kinapoa.

Hadithi yangu nimeipiga fundo. Uzi uliobaki ni wenu. Na funzo, wanangu: msichanganye koti na msuli. Mavazi yasiyopatana huua. Fundi hana kosa.

Kesho yake asubuhi Kuchakuro aliketi kwenye kigoda cha mkewe, akalichukua lile koti ambalo Mwanamize hakulimaliza, akatia kifungo cha mwisho. Uzi akauacha ulegee kidogo.