Nafasi ya Lugwisha Kambini

Hii mtumie jirani yako, hasa yule anayesogeza ua wake kidogo kidogo kila masika.

Vita viliwafukuza watu wa bonde moja, wakakimbilia mjini kwa Mtemi. Wakapewa kiwanja, wakajenga vibanda vya nyasi na maturubai, wakakaa humo hadi watoto wao wakaota ndevu.

Amani iliporudi, tajiri mmoja alikwenda kwa Mtemi. "Bonde lile sasa ni pori," akasema. "Mipaka imefutika, na ardhi haina wenyewe. Nipe mimi nifuge ng'ombe."

Mtemi hakuwa mtu wa kuamua kwa kusikia upande mmoja. Akamchukua tajiri, wakaenda kambini. Wakamkuta Mama Milembe, mjane asiyeogopa mtu.

"Mama, shamba lako utalijuaje katika pori lile?" Mtemi akauliza.

"Mtemi wangu, tulipofika hapa tulijenga vile tulivyokaa kule. Kulia kwangu ni Shija, nyuma yangu Nkwabi, kama nyumbani. Hatukutaka watoto wasahau nani anapakana na nani."

Tajiri akacheka. "Maneno tu hayo. Yeyote anaweza kujichagulia jirani."

Mtemi akatazama. Vibanda vilibanana hata kuku hawakuwa na pa kupita, lakini kushoto kwa Mama Milembe palikuwa na nafasi tupu, imefagiliwa vizuri.

"Na hapa mbona pako wazi?"

"Hapo ni kwa Lugwisha. Yeye na wanawe hatujawaona tangu siku ile ya kukimbia."

"Nawe umelala na wajukuu chumba kimoja miaka yote hii. Hukutamani kuongeza kibanda chako?"

"Nilitamani sana, Mtemi wangu. Lakini si kwangu."

Mtemi akajiuliza moyoni: Mtu aliyekosa pa kunyoosha miguu, na bado asiguse nafasi ya jirani asiyekuwepo, ataibaje shamba? Mimi ninayesimulia najivunia mama huyu utadhani ni shangazi yangu.

Mtemi akamgeukia tajiri. "Uliniambia ardhi ile haina wenyewe. Mimi hata hapa kambini sijaona pasipo na mwenyewe."

Watu wa bonde wakarudi kwao vichwa juu, kila mmoja kwenye shamba lake. La Lugwisha wakalizungushia miiba, na hadi leo hakuna aliyetia jembe humo.

Funzo: Aliyefukuzwa kwake huacha nyumba na shamba, lakini haachi haki yake, na mlinzi wa kwanza wa haki hiyo ni jirani.