Kitanda Kisicholipiwa

Ndugu zangu, kabla hamjaanza kutazama saa, nipeni dakika chache. Na wewe uliyeegemea nguzo, usinisinzie, maana mfano huu ni wa mtu aliyelala mahali asipopajua.

Palikuwa na bwana mmoja wa mjini, kazi yake kutafuta vitu vya kale. Alikuwa na gari kubwa, ndani ameweka kitanda, jiko la gesi na ndoo ya maji, analala humo humo popote usiku unapomkuta. Alipita vijijini akitafuta makasha, viti vya enzi, milango ya nakshi, sinia za shaba. Akipata, anawauzia watu wanaopenda kuweka sebuleni vitu vya babu za wenzao. Ni riziki yake, simsemi.

Lakini alikuwa na kanuni moja, na alijisifu nayo. Usimuulize mwenye kitu kilikuwa cha kazi gani. Ukiuliza, atajua umekipenda, na bei itapanda. Wewe kitazame kama takataka, pakia, ondoka. Shikeni hapo, tutaparudia.

Adhuhuri moja akafika kijiji cha ndani huko, kwa bibi mmoja mjane, kutazama mlango. Alipozunguka nyuma ya nyumba akaona kitanda kimeegemezwa ukutani. Miguu ya mvule iliyokerezwa vizuri, kamba za ukindu, cha zamani hasa. Kasoro yake moja tu, katikati ya kamba pana tundu. Akajisemea, hilo fundi ataliziba. Moyo ukamdunda, uso akaukunja kama hakukiona.

Akamwambia bibi kwamba anakihitaji kile kitanda. Bibi akamtazama sana, akalitazama na gari lake.

"Kichukue, mwanangu," akasema. "Mungu awape subira."

"Kiasi gani?"

"Hiki hakilipiwi. Utarudi lini?"

Mchuuzi huahidi kurudi hata kama harudi, na huyu alikuwa bado anautaka mlango. Akasema kesho alasiri. Bibi akamsaidia kukibeba. Hakumuuliza neno, kwa adabu yake. Na yule bwana hakuuliza, kwa ujanja wake. Wewe ungeuliza? Kitu cha mvule, cha bure, kweli ungeuliza?

Akakitoa kitanda chake cha chuma, akaweka kile. Kikaenea kama kilipimwa humo. Akatandika godoro juu ya lile tundu, akalala usingizi ambao hajapata kuulala. Asubuhi alipofumbua macho alikuwa chali, miguu imebanana, mikono imenyooshwa ubavuni. Na yeye ni mtu wa kulala kifudifudi tangu utoto. Chini ya kitanda sakafu imelowa, na mvua haikunyesha, na ndoo yake ya maji imejaa vilevile. Gari zima linanuka kafuri. Aliogopa, siwafichi. Lakini akakumbuka bei ya mvule mjini, hofu ikapungua.

Alasiri akashika njia ya kurudi kwa bibi. Kila aliyempita alishuka pembeni ya barabara akasimama. Aliyekuwa analima aliweka jembe chini. Wanawake waliokuwa wakicheka kisimani walinyamaza, wakatazama dirisha la nyuma ambapo miguu ya kitanda ilionekana, mpaka gari likapita. Akasimama kumuuliza mzee mmoja kuna nini. Mzee akamwambia kwa upole aendelee tu, asimcheleweshe. Asimcheleweshe nani?

Alipofika, mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wanaume wamekaa, makoleo yao yana udongo mbichi. Bibi akamfuata kwenye mlango wa gari.

"Umekuja naye?"

"Naye nani?"

"Maiti wako. Hicho ni kitanda cha kuoshea maiti, mwanangu, cha kijiji, mimi nakitunza tu. Haji mtu kukitaka ila amefiwa. Kaburi limechimbwa tangu asubuhi. Nani aliyelazwa hapo?"

Yule bwana alitaka kusema hakuna mtu. Lakini akakumbuka alivyoamka chali.

"Mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi akamshika mkono, vidole juu ya mshipa, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akawageukia wanaume, akawakumbusha kwamba kwao kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wakaenda kuangusha mgomba. Wakamwita yule bwana asimame, wampime kimo, waukate sawa naye. Wakauvika sanda, wakauzika. Hiyo ni mila yao, msinifuate nje kuniuliza dalili yake katika dini. Naye akasimama pale akitazama udongo ukirudi shimoni. Habari ya mlango hakuitaja tena.

Sasa sisi. Mwili huu tumepewa bure, hatukuulipia. Tumeutandikia godoro, tumefunika kila tundu lake kwa nguo nzuri. Nani kati yetu amewahi kumuuliza aliyetupa, hiki ni cha kazi gani? Hatuulizi. Si kwamba hatuna akili, ila tunajua tukiuliza bei itapanda. Itabidi kumsamehe yule ndugu. Itabidi kwenda kwa mama ambaye mwaka wa tatu huu umemnunia. Itabidi kurudisha shamba la yatima. Basi tunanyamaza, tunapakia, tunaondoka.

Yule bwana aliambiwa kazi ya kitanda akiwa bado na miguu ya kushuka kutoka juu yake. Wangapi tumewazika ambao hawakupata alasiri ile moja?

Na sisi tunacho chetu, kipo hapo nyuma ya msikiti, kimeegemezwa ukutani. Mnakipita kila siku mkienda kutawadha, mnageuza uso. Leo mkitoka, simameni mkitazame vizuri. Hakuna haja ya kupima, kinamwenea kila mmoja wetu.