Chupa ya Mwenyekiti Kiboko

Nisameheni mapema, wanangu. Hadithi hii nilipewa nzima, ila nimeivunja mguu njiani. Basi itakuja ikichechemea.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakinywa maji ya bomba kutoka tangi moja la mlimani, Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ufunguo wa tangi aliuvaa shingoni. Jua likiwaka, hupanda, hufungua, chubwi! Anaoga humo humo na mgongo anajikuna.

Huku bondeni, watoto wa Pimbi wakawa wanaharisha. Kitinda mimba hata kusimama hawezi.

Pimbi akamwendea Korongo, mpima maji. "Bwana mpima, njoo upime bomba langu. Mtoto ananifia!"

"Mama Pimbi, utaratibu ni utaratibu. Chupa ya kupima huletwa na mwenyekiti. Mimi natumbukiza mdomo tu. Na chupa zake, mama wee, tamu kama maji ya mvua!"

"Kama maji ya mvua?" Pimbi akatikisa masharubu. "Hebu njoo usimame nje ya ukuta wa Kiboko. Usikohoe."

Hodi, hodi! Kiboko na mkewe walikuwa wanakunywa uji.

"Karibu, binamu wa panya," Kiboko akacheka. "Umekuja kulalamika tena?"

"Nimekuja kukuokoa, Mwenyekiti! Maji ya ile chupa uliyompelekea Korongo yana sumu! Mdomo wake umelegea kama kamba. Atakayeyanywa, meno yote chini, puu, puu, kabla jua halijazama!"

Mama Kiboko akaruka. "Uwiii! Baba Bonge! Na uji nimeupikia maji yale yale!"

"Tuu! Tuu!" Kiboko akatema, akayashika meno kwa mikono miwili, akaupiga teke mtungi wao wa maji ya mvua. Paaa! Vigae hadi mlangoni.

Pimbi akavitazama vigae. "Pole, Mwenyekiti. Lakini mtungi umekosa nini? Mimi nimesema chupa. Kwani chupa haijazwi tangini?"

Kiboko akainama, akaanza kuzoa vigae.

Korongo akaingia na chupa tupu. "Ufunguo, Mwenyekiti."

Wakapanda mlimani. Korongo akachota, akatumbukiza mdomo. "Chyaaa!" Akapiga chafya, ikatoka singa ya mkia wa Kiboko.

Tangi likasuguliwa, na msuguaji mnamjua. Tangu hapo Korongo huchota kwenye bomba lolote, bila kumwambia mtu. Kitinda mimba wa Pimbi akasimama, kisha akaanza kudokoa karanga za jirani, ndipo mama yake akajua amepona kweli.

Funzo ni hili: anayechafua maji asipewe kujaza chupa ya kupimia.

Na hadithi hii mkiiona ina harufu, msimsumbue Korongo. Chupa yake nimeijaza mimi.