Panya na Jiwe Lililozama

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyeanza kupotea njia. Aliitwa Shembilu, mkulima wa tangawizi, na hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata akisalimiwa alijiuliza kwanza huyu anataka nini. Mwaka ule aliibiwa mbuzi, naye akaukata mfenesi uliokuwa mbele ya mlango wa mama yake, asije mwizi akajificha nyuma ya shina. Akang'oa ua wa michongoma, akazungusha ukuta wa matofali pande zote, akaupaka chokaa, na lango akalihamishia upande wa nyuma. Tahadhari kabla ya hatari, alisema, na majirani wakamsifu.

Haukupita muda, mama akawa anakwenda kisimani na kurudi hawezi. Mara walimkuta kwenye shamba la watu, mara korongoni, miguu imechubuka. Safari moja walimkuta amesimama katikati ya mto, maji yamemfika magotini, hajui aende ng'ambo ipi. Kila mtu aliona kwamba iko siku watamkuta amekwisha kufa. Shembilu naye aliliona hilo, na hofu ikamla. Lakini hofu ya mtu wa namna yake haitulii mpaka ipate wa kumlaumu. Akamwona Zaituni, mke wa mdogo wake, ambaye kila asubuhi alikuja kumpikia mama uji na kutwanga pale uani, akiimba kwa sauti iliyofika hadi kisimani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Huyu amemlisha mama kitu cha kumpoteza akili. Hakuwa na ushahidi wowote. Akamkataza Zaituni kukanyaga pale, uji akawa anaupika mwenyewe, na sufuria akalifungia kabatini. Mama akazidi kupotea.

Ndipo akaenda kwa Bi Mwanjaa, muuza dawa za miti shamba, mwanamke mkali asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Bi Mwanjaa alikuwa na mzizi wa kuamsha kumbukumbu. Shembilu akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi, akautema, akataka kuona kwa macho yake. Mwanamke hakubisha. Kibandani mwake palikuwa na karai kubwa la maji yaliyokorogewa unga hata yakawa meupe, na ndani yake jiwe limezama kidogo tu, lisionekane. Alifuga panya, akawazoeza kuogelea mpaka wapate jiwe la kukanyaga. Akamnywesha mmoja gongo, akamtumbukiza. Panya akazunguka, akazunguka tena, hadi akatolewa kwa mkia. Mwingine alikuwa amelishwa mzizi. Huyo alikata maji moja kwa moja, akapanda juu ya jiwe, akatulia akijifuta masharubu.

Shembilu hakuridhika. Karai ni lake, panya ni wake, alifikiri, atashindwaje kunipumbaza? Akaomba apewe panya yule wa mzizi, na mzizi wenyewe uliosagwa, akajaribu kwake. Akatenga karai katikati ya ua, ukuta mweupe umemzunguka, akakoroga unga, akazamisha jiwe, akamlisha panya kwa mkono wake. Panya akaogelea huku na huku, akagusa ukingo, akarudi, hajui pa kushika, sawasawa na yule mlevi. Kesho yake ikawa vilevile. Shembilu akafurahi, kwa maana hakuna kinachomfurahisha mtu mwenye shaka kama kumnasa mwongo. Akawachukua majirani wawe mashahidi, akambeba panya, akaenda kumwumbua Bi Mwanjaa.

Bi Mwanjaa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akampokea panya, akamtia katika karai lake mbele ya wote. Panya akaenda jiweni moja kwa moja. Majirani wakamgeukia Shembilu, naye akadai kwamba ipo hila, pengine jiwe limepakwa kitu chenye harufu. Mwanamke akamwambia, "Hakuna anayeliona jiwe, hata panya. Anatazama dirisha, anatazama kinu kile na kapu langu pale ukutani, ndipo anajua jiwe liko wapi. Mzizi unamsaidia kuvikumbuka hivyo. Wewe kwako, baba, ndani ya ukuta wako mweupe, ulimwachia nini cha kukumbuka?"

Shembilu akageukia mlango. Aliondoka, na njia nzima hakumuwaza panya wala mama. Aliwaza ni nani aliyempelekea Bi Mwanjaa habari za ukuta. Atakuwa Zaituni, alijiambia, hakuna mwingine. Majirani walibaki nyuma wakisemezana, naye akashuku wanamsema yeye. Na kweli walikuwa wakimsema.

Alipofika kwake alimkuta mama nje, upande ule wa mbele ambako zamani palikuwa na lango. Alikuwa akitembea polepole kando ya ukuta, kiganja chake kikipapasa chokaa, anafika pembeni, anageuka, anarudi alikotoka. Ndoo ya maji ilikuwa bado kichwani, na shingo ilimtetemeka kwa uchovu. Ilikuwa dhahiri kwamba amezunguka hapo tangu asubuhi. Alipomwona Shembilu alimtambua mara moja, akatabasamu kwa mapenzi yote ya mama, akasema, "Mwanangu, afadhali umekuja. Nipeleke nyumbani."

Ufunguo wa lango ulikuwa mfukoni mwa mwanawe. Shembilu akamtua mama ndoo, akamshika mkono, kisha akasimama palepale, kwa sababu nyumbani alikokutafuta mama, penye mfenesi na michongoma, hapakuwapo tena, na yeye naye hakujua ampeleke wapi.

Basi ninyi mnaoonja kila chungu mkitafuta aliyewapoteza wazee wenu, ni nani kati yenu aliyewahi kuushuku mkono wake mwenyewe?